Nia Haipiki Mboga

Ofisini kwetu yupo bwana mmoja ambaye ikifika saa nne asubuhi hajapata chai na chapati mbili, hasemeshwi. Mafaili yanalala, simu inaita mpaka inachoka. Siku dada wa chai akichelewa, idara nzima inajua. Lakini ukiandama mwezi wa Ramadhani, bwana huyohuyo anafunga kuanzia alfajiri hadi magharibi, siku 29 au 30, katika joto hili la Dar es Salaam, maji hayagusi, na kazi inakwenda. Idi ikishapita, wiki haijaisha, chapati zimerudi mezani.

Simcheki. Nimekuwa nikijiuliza nguvu ile anaipata wapi, na ikiisha inakwenda wapi. Jibu la haraka ni imani, na ni jibu la kweli, kwa kuwa bila imani hakuna funga. Ila imani yenyewe haikuachwa ifanye kazi peke yake. Saa imepangwa, kwa hiyo hakuna kubishana na tumbo kama ni sasa au baadaye. Yupo wa kumgongea mlango aamke kula daku. Watoto wanahesabu dakika pamoja naye. Mama ntilie wa jirani mchana hafungui. Na akionekana na kipande cha chapati mkononi, kuna atakayemuuliza. Baada ya Idi vyote hivyo vinaondoka kwa mpigo, anabaki yeye na sahani, wawili tu.

Ndiyo maana mahubiri ya afya yanayomwambia mtu kwamba hana nidhamu huwa yananiudhi. Nidhamu tunayo. Mtu anayeamka saa kumi usiku awahi daladala ya Mbagala, arudi saa mbili usiku, na kesho yake arudie, huyo utamfundisha nini kuhusu nidhamu? Tunachokosa ni mpangilio wa kutubeba siku zile nia inapolala. Na nia hulala, hasa mwisho wa mwezi, hasa mvua ikinyesha.

Wale tuliosoma shule za msingi za zamani tunakumbuka mchakamchaka. Kengele inalia bado kuna ukungu, mnajipanga mistari, mmoja mwenye sauti anaanzisha wimbo, mnaitikia, miguu inakwenda. Hakuna mtoto aliyelala usiku akiweka lengo la kukimbia. Hakuna aliyejiuliza kama leo ana hamu. Mlikimbia kwa sababu ilikuwa asubuhi. Leo nikisikia klabu za joging za Temeke zikipita Jumapili na nyimbo zao, fulana za rangi moja, wengine matumbo mbele, wengine wamebaki nyuma wanatembea tu, naona ni mchakamchaka uleule umerudi kwa watu wazima. Nawaheshimu kuliko yule anayelipia jimu mwaka mzima na kuonekana Januari peke yake. Hawa wana mtu wa kuwauliza: juzi hukuja, kulikoni?

Kuna utafiti mmoja wa zamani ambao kila nikimwona konda wa daladala unanijia. Mwaka 1953 daktari wa Uingereza, Jerry Morris, alichapisha katika jarida la The Lancet matokeo ya kuwachunguza wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London. Dereva na konda walikuwa gari moja, mwajiri mmoja. Dereva amekaa zamu nzima. Konda anapanda na kushuka ngazi za basi kukata tiketi, mamia ya ngazi kwa siku. Ikaonekana makonda waliugua moyo kwa uchache kuliko madereva, na waliougua, ugonjwa uliwakuta umri umekwenda zaidi. Miaka 3 baadaye Morris alirudi akaangalia vipimo vya sare zao, akakuta madereva walikuwa na viuno vipana kuliko makonda hata katika umri wa ujana, kwa hiyo si kila kitu kilitokana na ngazi. Ukweli wa namna hiyo ndio unaonifanya nimwamini. Yeye mwenyewe alifariki mwaka 2009 akiwa na miaka 99.

Kilichonigusa mimi ni kwamba wale makonda hawakuwa wanafanya mazoezi. Walikuwa kazini.

Presha yangu ilipoanza kusoma juu, daktari alinipa yale wanayopewa wote: punguza chumvi, punguza mafuta, tembea. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima apate angalau dakika 150 za mwendo wa wastani kwa wiki, na chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyojificha kwenye mkate na kwenye vile vipakiti vya supu ya unga. Kwenye karatasi ni jambo jepesi. Nilijaribu kuamka alfajiri kukimbia kama vijana, lakini mtaani kwetu njia ya waenda kwa miguu imekaliwa na meza za biashara, na mbwa wa alfajiri wana maoni yao. Kilichodumu ni kidogo kuliko hicho. Napanda mwendokasi kama kawaida, badala ya kufika Posta nashuka Fire, natembea kilichobaki. Jioni hivyohivyo, natembea hadi Fire ndipo napanda. Ni dakika 20 na ushee kwenda, nyingine kama hizo kurudi. Ofisi ni lazima niende, kwa hiyo miguu haina pa kukatalia. Nguo zikilowa jasho, nina shati la pili kwenye mfuko, basi.

Kwenye makundi ya WhatsApp utaambiwa tabia mpya inajengeka kwa siku 21. Hesabu hiyo ilienea kutokana na kitabu cha Maxwell Maltz cha mwaka 1960. Alikuwa daktari wa upasuaji wa sura, na alichoona ni kwamba wagonjwa wake walihitaji angalau siku zipatazo 21 kuizoea sura mpya. Kuizoea pua si sawa na kuacha soda. Phillippa Lally na wenzake wa Chuo Kikuu cha UCL, London, waliwafuatilia watu 96, kila mmoja amejichagulia jambo dogo la kula, kunywa au kufanya, alifanye kila siku baada ya tukio lilelile, kwa mfano baada ya kifungua kinywa. Wa kati walichukua siku 66 mpaka jambo lile likawa linajifanya lenyewe. Wapo waliotumia 18, na wapo ambao kwa makadirio wangefika 254. Na jambo ambalo ningependa liandikwe kwenye ukuta wa kila zahanati: kuruka siku moja hakukuharibu kitu. Sisi tukila chipsi mayai Jumanne tunasema wiki imeshaharibika, tutaanza Jumatatu. Jumatatu ipi?

Lakini kutembea ni nusu, tena nusu iliyo rahisi. Shughuli iko jikoni.

Nyumbani tulikuwa tunanunua mafuta ya kula kwa ndoo ya lita 10, maana ukinunua kwa jumla unaokoa hela. Ndoo ikiwa imejaa, mkono wa mpishi hauna breki. Niliporudi na maagizo ya daktari nikayatangaza mezani kama waziri, mke wangu alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: “Sasa baba, daktari ulimwona peke yako. Sufuria ninayopika ni moja. Unataka nikupikie yako pembeni?”

Nilikaa kimya, kwa sababu alikuwa amegusa penyewe. Malengo mengi ya afya ya sisi wanaume wa nchi hii yanabebwa na mikono ya wanawake, na hakuna aliyewauliza. Mwanamume anasema “nimeacha mafuta”. Kuacha kwenyewe ni mtu mwingine kubadilisha mapishi ya miaka 20, kusikiliza watoto wakilalamika, na kufikiria upya nini cha kununua sokoni.

Aliyepanga mambo ni yeye. Ndoo ikaondoka. Sasa inakuja chupa ya lita moja, Jumamosi, na ikiisha kabla ya Jumamosi tunakula vya kuchemsha. Mafuta hayamiminwi tena kutoka kwenye chupa, yanachotwa kwa kijiko. Kitunguu na nyanya vinaanza kuiva kwa maji yake vyenyewe, mafuta yanakuja mwishoni. Kichupa cha chumvi kimetoka mezani, mahali pake kuna kisahani cha ndimu zilizokatwa na pilipili. Kuhusu nazi tulivutana, maana yeye ni mtu wa Tanga, na kumwambia mtu wa Tanga aache nazi ni kumtafutia ugomvi na ukoo mzima. Tukaafikiana: siku za kazi mboga inaungwa kwa tui la pili, lile jepesi, na tui zito linasubiri Jumapili. Binti yetu kazi yake ni maharage. Anachemsha mengi siku moja, anayagawa kwenye vibakuli vya plastiki, yanakaa kwenye friza. Nikirudi usiku nimechoka, njaa inanipeleka kwa muuza chipsi wa kona, najua nyumbani kuna kitu cha kupasha dakika 10. Vita na chipsi haiamuliwi pale kibandani ukinusa mafuta ya moto, pale umeshashindwa. Inaamuliwa Jumapili mchana, kwa kibakuli.

Wala sikubaliani na wanaodai kwamba chakula bora ni cha matajiri. Fikra hiyo imeletwa na picha za matofaa na nafaka za kwenye maboksi. Dona tunalikimbia kwa sababu linatukumbusha bweni na jeshi, tunakimbilia sembe jeupe lililokobolewa pumba na kiini, yaani palepale penye nyuzinyuzi na vitamini. Mchicha, matembele, mlenda, dagaa, yote yako gengeni. Ghali ni soda. Chupa ya mililita 350 ina sukari karibu gramu 37, kama vijiko 9 vya chai, na Shirika la Afya Duniani lingependa mtu mzima asipite kama gramu 25 za sukari ya kuongeza kwa siku nzima. Na sisi soda tumeifanya ndiyo heshima ya mgeni.

Hapo ndipo penye ugumu ambao vitabu vya afya vya Ulaya haviugusi. Kwetu chakula ni undugu. Ukienda msibani usipokula ubwabwa, unasemwa. Mwanaharusi akikuletea pilau ukaiangalia kwa jicho la daktari, umemtukana mama yake. Na ukipungua kidogo tu, bibi wa jirani anakusimamisha: “Mwanangu, mbona umekwisha hivyo? Unaumwa, au nyumbani hakuna amani?” Usimlaumu. Amepita miaka ya themanini na tisini, wakati kupungua kulikuwa na maana moja tu mtaani, watu wakinong'ona, na wengi walionong'onwa tuliwazika. Kwa macho yake kitambi ni dalili kwamba mtu yu hai na mkewe anamtunza. Mimi humjibu: “Sijambo, bibi, ni miguu tu, natembea sana siku hizi.” Halafu nikikaribishwa nakula, ila naomba kidogo, na naomba mboga kwanza. Bado sijamwona mwenyeji aliyekasirika kwa mgeni aliyemsifia mboga zake. Soda naiomba iwe maji. Hilo ndilo linalokasirisha baadhi yao, na nimeamua wakasirike.

Msomaji wangu, kama na wewe una lengo uliloliandika mahali, kwenye simu au kwenye shajara, usinunue viatu vipya kwanza. Leo jioni kaa na anayepika nyumbani kwako, hata kama ni wewe mwenyewe na sufuria yako ya chumba kimoja, mkubaliane mafuta ya wiki hii ni kiasi gani na nani atayapima. Na kama wewe ndiye uliyeambiwa na daktari na mpishi ni mwingine, nenda naye kliniki safari ijayo, akayasikie yeye mwenyewe.