Msianze na neno shujaa

Wajukuu zangu, ipo siku mtakwenda msibani kwa kijana aliyefia vitani. Nawaomba mkishampa mama yake mkono wa pole, msikimbilie kumwambia mwanawe alikuwa shujaa. Wa kusema hivyo watajaa tele, na vipaza sauti watakuwa navyo.

Sababu yangu iko kwenye kisa hiki. Theodore Roosevelt mnamjua, Rais wa zamani wa Marekani aliyeshuka Mombasa mwaka 1909 na mwanawe Kermit, wakapanda garimoshi kwenda bara kuwinda simba. Nyumbani alimwacha kitindamimba wake, Quentin, wa miaka 11. Huyo ndiye mtundu aliyewahi kumpandisha farasi mdogo kwa lifti ya Ikulu, amfikishe chumbani kwa kaka yake Archie aliyekuwa mgonjwa.

Vita Vikuu vya kwanza vilipoifikia Marekani, mzee alikuwa ameshavihubiri kwa miaka. Wanawe wote wanne wakaenda. Quentin macho hayakuwa mazima; inasimuliwa kwamba alizikariri herufi za ubao wa daktari ili apite, akawa rubani. Ndege yake ilitunguliwa karibu na Chamery, Ufaransa, tarehe 14 Julai 1918. Alikuwa na miaka 20. Wajerumani wenyewe walimzika kwa heshima za kijeshi, kisha picha ya maiti yake kando ya ndege wakaichapa kwenye kadi za posta. Heshima na ukatili hukaa meza moja vitani, msishangae.

Habari zilipofika nyumbani kwao, Sagamore Hill, baba aliwaza kwanza atamwambiaje mkewe, Edith. Siku hizo hizo akaenda Saratoga kutoa hotuba aliyokuwa ameiahidi, na watu wakamsifu kwa uthabiti wake. Lakini wa nyumbani wanasimulia kwamba alikutwa bandani, uso kauegemeza kwenye manyoya ya farasi, akimwita Quentin kwa jina la utotoni. Rubani hakumtaja. Alimlilia yule mtoto wa lifti. Mwenyewe alifariki tarehe 6 Januari 1919, na sisemi huzuni ndiyo iliyomuua, maana alishakuwa mgonjwa, ila miezi sita haikutimia.

Basi mkikaa na wafiwa, ulizeni habari za utoto wa marehemu. Alipenda kula nini, alimsumbua nani. Mtajeni jina bila kuogopa machozi ya mama. Hamtamkumbusha, kwani hajasahau. Na rudini baada ya arubaini, turubai likishafunguliwa na masufuria yakisharudishwa kwa wenyewe, kwa sababu ndipo nyumba inapokuwa nzito.

Kuna mmoja zaidi ambaye nyinyi vijana mnaweza kumfaa kuliko sisi wazee. Quentin alikuwa na mchumba, Flora Whitney. Flora alitaka kumfuata Ufaransa wafunge ndoa huko. Serikali ikamnyima ruhusa ya safari. Kwa hiyo Quentin alipouawa, Flora hakuwa mjane. Mchumba hana eda, hana mkeka wake matangani, wala hapewi mkono na anayepita. Mtafuteni alipo, mkae naye, na mkome kumwambia kwamba bado ni binti mdogo, atampata mwingine. Flora aliolewa, ndiyo, mwaka 1920. Lakini Julai 1918 hilo halikuwa neno la kumwambia.