Matusi ya Majukwaani

Ndugu zangu Waislamu, Mwenyezi Mungu katika Suratul-Hujurat ametukataza kudharauliana na kuitana kwa majina ya kuchukiza. Basi ukumbukeni uchaguzi wa Agosti 2017. Wauguzi wa hospitali za umma walikuwa wamegoma tangu Juni, na mgomo ule haukwisha ila Novemba. Nyingi katika hospitali hizo zimo mikononi mwa kaunti tangu 2013. Juu ya hayo, wagombea wengi walipanda majukwaani kutajiana aibu. Mwenye mgonjwa alikwenda kusikiliza atatibiwa wapi, akarejea na matusi. Na waliopiga makofi ni sisi, nami simo nje. Mwaka 2027 atakapokuja mgombea barazani, na aulizwe kabla ya kahawa: wauguzi utawalipa kwa fedha gani?