Kisukari cha Mtoto na Lawama za Wazazi

Ama baada ya kumhimidi Mola na kumsalia Mtume wake, enyi ndugu, jueni ya kwamba kisukari kiwashikacho watoto kwa ghafula hakitokani na kula halua, wala na jicho la jirani, wala na kosa la mama. Askari wa mwili, walioumbwa kupigana na maradhi, huligeukia kongosho, wakaziua chembe zifanyazo insulini. Urithi wa damu una sehemu yake, na mambo ya nje yana yao.

Basi mume asimlaumu mkewe, hali mtoto akonda kwa kiu na mikojo. Tangu mwaka 1922 wagonjwa hutibiwa kwa sindano ya insulini. Mtume wetu alituamrisha kujitibu. Kumnyima mtoto sindano kwa kutegemea hirizi ni kumwangamiza, si kutawakali.

Wabillahi taufiki.