Damu Ina Wenyewe

Mas-ala tunayotaka kuyatazama leo si mageni, walakini yamepata nguvu mpya katika zama hizi ambazo khabari ya kifo huwafikia watu wa mbali kabla maiti hajazikwa. Nayo ni haya: mtu auawapo, na sisi si jamaa zake, hatukumjua wala hatukuyaona yaliyotokea, tuna haki gani ya kughadhibika kwa ajili yake? Na je, yafaa ghadhabu yetu ipite ya mzazi wake? Mwenye kuuliza hivi hudhaniwa kuwa ana moyo mkavu. Twamuomba msomaji atuvumilie mpaka tuyaeleze yaliyotupelekea kuuliza.

Tarehe 2 Aprili 2025, katika mji wa Frisco, jimbo la Texas huko Marekani, skuli za mji huo zilikuwa na mashindano ya riadha. Kando ya uwanja yalisimamishwa mahema ya skuli. Hati za polisi zaeleza kuwa kijana wa skuli moja alikuwa amekaa chini ya hema la skuli nyengine; akaambiwa aondoke; yakapita maneno, ukafuata mkono, kisha kikatoka kisu. Kijana wa miaka 17 alichomwa kifuani, akafa siku ile ile. Aliyemchoma naye alikuwa na miaka 17. Hakukana kitendo, aliwaambia polisi kuwa alikuwa akijilinda. Mwezi wa Juni mwaka huo baraza la raia lenye kazi ya kupima mashtaka likamshitaki rasmi kwa kosa la kuua. Kuwa alijilinda kweli au hakujilinda, hilo ni la mahakama, na sisi hatutii neno letu. Majina pia hatuyataji, hayatuongezei kitu.

Aliyekufa alikuwa mweupe na aliyemchoma alikuwa mweusi. Hapo ndipo msiba wa nyumba mbili ulipogeuka kuwa mali ya kila mtu.

Wengi katika waliosema hawakuuliza nini kilichotokea. Waliuliza nani ni wa nani, na walipokwisha kujibiwa hilo waliona kuwa yaliyobaki yote wanayajua. Likatoka kundi likasema kuwa kisu kile kimeshikwa na watu weusi wote. Likatoka jengine likasema kuwa kijana yule asingesumbuliwa lau angekuwa mweupe, na kwa hivyo mwenye kosa ni yule aliyelala kaburini. Ikatungwa karatasi ikaitwa ripoti ya daktari aliyempasua maiti, nayo ni uwongo mtupu. Ikatungwa akaunti yenye jina la mkuu wa polisi wa mji, ikimsingizia maneno asiyoyasema. Polisi wa Frisco ikawabidi waache kazi yao wakanushe, na wawaarifu wapelelezi wa serikali kuu. Nyumba ya wafiwa ilipigiwa simu za uwongo ili polisi waivamie. Jamaa wa mshitakiwa nao walieleza kuwa wametishwa kuuawa, hata wakahama walipokuwa wakikaa.

Fedha nazo zikamiminika. Jamaa wa mshitakiwa walichangiwa zaidi ya dola 500,000, na jamaa wa marehemu wakachangiwa laki kadhaa. Kila upande ukawa wahesabu dola za mwenziwe kana kwamba ni mabao. Hakimu alipoiteremsha dhamana kutoka dola milioni 1 hadi dola 250,000, alitukanwa. Mwendesha mashitaka alipoeleza kuwa hawezi kuomba hukumu ya kifo, alilaumiwa kuwa ni mwoga, ilhali Mahakama Kuu ya nchi yao ilikwisha kataza tangu mwaka 2005 kumuua mtu kwa kosa alilolitenda kabla ya kutimiza miaka 18. Yaani watu walimkasirikia mtumishi wa sheria kwa sababu ameitii sheria. Ajabu hii yafaa msomaji aitie akilini, maana ni alama ya ghadhabu iliyokwisha potea njia: haiwezi tena kumtofautisha mkosa na aliyesimama baina yake na mkosa.

Katika zogo hilo lote alikuwako mtu mmoja mwenye haki ya kughadhibika kuliko wote, naye ni baba wa marehemu. Siku chache tu baada ya kifo alisema hadharani kuwa amekwisha msamehe kijana yule, na kwamba jambo hili si la rangi wala si la siasa. Wako waliomlaumu kwa msamaha huo. Kisha, mwezi ule ule, watu wakaja Frisco kufanya mkutano mbele ya uwanja ule kwa jina la kuwalinda Wamarekani weupe. Baba yule akawaambia kwa simu kuwa wao wanaongeza mfarakano. Maneno yake hayakuwazuia.

Tusimame hapa kidogo, kwani kiini cha mas-ala yetu kipo hapa. Watu hawa wasema: twalia kwa ajili ya mwanao. Mwenye mwana awajibu: sikukutumeni. Nao waendelea. Sasa tuwaulize, walia kwa ajili ya nani? Katika mambo ya mali jambo hili halina shida kulifahamu. Mtu akija dukani kwako akasema, nimetumwa na fulani nidai deni lake, utamsikiliza. Fulani akitokea mwenyewe akasema, mimi sikumtuma mtu huyu wala sitaki kudai hivi, uwakili wa yule umekwisha pale pale. Akikazana kudai baada ya hapo, adai chake mwenyewe, na jina la fulani amelitumia kama ufunguo wa kuingilia nyumba ya watu. Ikiwa twaikataa hila hii katika shilingi kumi, vipi twaikubali katika damu?

Wala upande wa pili haukusalimika. Mshitakiwa ana haki ya kutetewa; fedha ya kumlipa wakili ni fedha iliyokwenda mahali pake, hata awe mtu ameua mchana mbele ya watu, na hatuoni lawama kwa aliyetoa kwa nia hiyo. Bali wako waliotoa na pamoja na dola zao wakaandika matusi juu ya maiti, wakamsifu kijana yule kwa kitendo ambacho yeye mwenyewe, kwa kauli yake, alikieleza kuwa ni cha hofu. Hao hawakumsaidia. Mtoto aliyeingia katika msiba wa umri wake wote wamemvika kilemba cha shujaa, na kilemba hicho kitamuumiza siku atakayotaka kujuta.

Wenye kusoma tarikh ya Waarabu hawatashangaa. Kabla ya Uislamu kulikuwa na vita vilivyoitwa vya Dahis na Ghabra, na majina hayo ni ya farasi wawili. Watu wa kabila la Abs na wa Dhubyan walishindanisha farasi wao; upande mmoja ukaweka watu njiani wamzuie Dahis asishinde; ukazuka ugomvi wa dau, akauawa mtu, akauawa mwengine kwa ajili yake, na riwaya zasema moto huo uliwaka miaka 40. Chanzo chake ni mchezo. Wengi waliokufa katika mwaka wa kumi au wa ishirini hata farasi wale hawakupata kuwaona. Waliitwa kwa nasaba zao, wakaitika. Hiyo ndiyo asabiya, na mtu asidhani kuwa maana yake ni kumpenda jamaa yako, kwani hilo ni jema. Asabiya ni kumtazama mtu usoni au katika nasaba kabla ya kulitazama alilolitenda, kisha ukalipa tendo lile jina kwa kadiri ya ulivyomuona. Na twajua pia vita vile vilivyokwisha. Harim bin Sinan na Harith bin Auf, ambao hawakuvianza, walijitwika diya za waliouawa wakazilipa kwa mali yao. Hao nao waliingilia damu isiyokuwa yao, lakini waliiingilia kwa kutoa, si kwa kudai.

Hapa msomaji mwenye insafu atatupinga, na upinzani wake una nguvu. Atasema: lau watu wa mbali wangenyamaza siku zote, madhalimu wangestarehe. Atatukumbusha mambo ya Emmett Till, mtoto mweusi wa miaka 14 kutoka Chicago, aliyetekwa na kuuawa Mississippi mwezi wa Agosti 1955. Walioshitakiwa waliachiliwa huru na wazee wa baraza waliokuwa weupe watupu, na mwezi wa Januari 1956, hali wakijua kuwa hawawezi kushitakiwa tena, wakakiri katika gazeti kuwa ndio waliomuua. Je, watu wa mbali hawakuwa na haki ya kughadhibika?

Walikuwa nayo, tena ilikuwa wajibu. Lakini tazama ghadhabu ile ilivyokuja. Mama wa mtoto yule ndiye aliyeita. Yeye ndiye aliyekataa jeneza lifungwe, akataka watu wauone uso wa mwanawe ulivyofanywa, na maelfu wakaja Chicago kuuona. Mwenye damu aliita, na mlango wa mahakama ulikuwa umefungwa mbele ya macho ya dunia. Waliosimama walisimama juu ya jambo lililothubutu. Huko Frisco mshitakiwa alikamatwa siku ile ile, mahakama ikafunguliwa, na mwenye damu aliwaambia watu watulie. Kuyalinganisha mambo mawili haya kwa sababu tu katika yote mawili wamo weusi na weupe ni kutumia macho mahali pa akili.

Hata hivyo hatukubali kusema kuwa khofu ya watu weusi wa Texas ni upuuzi. Taifa lililoona yaliyompata Emmett Till, na mengi baada yake, lina sababu ya kuitazama mahakama kwa shaka. Shaka hiyo yaruhusu kuweka wakili hodari, kufuatia kesi kwa makini, kupiga kelele pindi hakimu akipotoka. Haiwezi kuruhusu kumzulia maiti ripoti. Dhulma ya jana ni ushahidi juu ya waliodhulumu jana. Haimshuhudilii mtoto wa miaka 17 aliyekuwa chini ya hema.

Tena kuna hasara nyengine, na sisi twaiona kuwa ndiyo kubwa kuliko zote. Zogo lile lilimeza suali ambalo lau lingeulizwa lingeweza kumwokoa mtoto mwengine. Kijana alikwenda kwenye mashindano ya mbio na kisu. Alikuwa na kisu kwa nini? Alikuwa akimuogopa nani, au ni mazoea tu, kama vile wengine wachukuavyo kalamu? Na vipi neno la kuambiwa ondoka lilipanda mpaka likafika damu kwa muda mfupi vile? Wazazi na waalimu wayajua haya ijapokuwa huyasahau: kijana wa umri ule ana mikono ya mtu mzima, na subira ya mtu mzima bado hajapewa. Kuambiwa aondoke mbele ya wenziwe, ambalo kwa mzee ni jambo la kucheka na kuondoka, kwake ni kuvuliwa nguo sokoni. Na mwenzake aliyemfukuza naye alikuwa mbele ya wenziwe, hawezi kurudi nyuma. Wawili hao walikuwa katika mtego mmoja. Mambo haya hayana rangi, na ndiyo sababu watu hawakuyataka. Hayampi mtu nafasi ya kushinda.

Hwenda msomaji wetu akasema kuwa hayo ni ya Marekani, yatuhusu nini sisi? Yatuhusu kwa sababu simu haina forodha. Mtu aliyekaa barazani kwake Mji wa Kale aweza kuipokea karatasi ile ya uwongo asubuhi, na kabla ya adhuhuri akawa ameipeleka kwa watu hamsini na neno lake juu, akidhani kuwa amepitisha khabari tu. Hakupitisha. Ameshuhudia, na ushahidi wake wahisabiwa pamoja na wa waliotunga. Na siku mambo kama hayo yakitokea katika uwanja wa skuli zetu, baina ya mtoto wa mtaa huu na wa mtaa ule, suali la kwanza tutakaloulizana lajulikana: ni wa kina nani?

Tumepata kuulizwa na ndugu mmoja katika darsa kama kunyamaza huku si kumtupa aliyedhulumiwa. Tulimjibu kuwa hatukusema watu wanyamaze mbele ya wafiwa. Mwenye kuweza na aende matangani, apeleke chakula, akae. Mwenye kuwa mbali na aombe dua, na kama hana budi kusema, basi aseme lile ambalo lau baba wa maiti na mama wa mshitakiwa wangekuwa wamekaa mkeka mmoja mbele yake angethubutu kulisema. Ndugu yule alifikiri kidogo, akasema kuwa kwa sharti hilo watu wengi hawatapata la kusema. Tulimwambia kuwa hata sisi twaona hivyo.