Kereng'ende Hanunui Lenzi

Kuna swali nimekaa nalo muda mrefu, na leo naliweka hapa ili tulibebe pamoja. Kitu ambacho faida yake inakwenda kwa asiye na pesa, nani atakitengeneza? Swali hili sikulipata kwenye semina wala kanisani. Nililipata kwenye lenzi za kamera. Najua wapo watakaosema huyu kijana ameishiwa mada, watu wanalia mgao yeye analeta lenzi. Nivumilieni kidogo.

Mimi nafanya kazi na vijana hapa Nakivale. Tuna kikundi cha picha na kamera moja ya mtumba. Sisi tuliotoka Kivu wengi bado tunaiita apareyi. Ni ya aina ya kisasa isiyo na kioo ndani. Zile za zamani zina kioo kinachoruka kila ukibonyeza, ndicho kinachotoa ule mlio wa "klap". Vijana wanapenda sana kupiga picha za wadudu, kwa sababu mdudu haombi hela na hakuulizi picha inapelekwa wapi. Vipepeo, vunjajungu, panzi, na zaidi ya wote kereng'ende wa kule ziwani, wanaokaa juu ya mafunjo. Na hapo ndipo shida ilipo, kwa maana kereng'ende ana macho yanayoona karibu pande zote. Ukimsogelea, ameshaondoka.

Kwa kazi hii kuna lenzi za makro. Lenzi ya makro ya kweli inamchora mdudu kwenye kihisi cha kamera kwa ukubwa wake uleule. Mdudu wa milimita 20 anachukua milimita 20 kwenye kihisi, na kihisi kikubwa cha kawaida kina upana wa milimita 36, kwa hiyo anajaza zaidi ya nusu ya picha. Hilo lenzi fupi inaliweza na ndefu inaliweza. Kinachotofautiana ni umbali. Kwa lenzi ya milimita 60, ukifikia ukubwa huo, mdomo wa lenzi unakuwa kama sentimita 10 tu kutoka kwa mdudu. Ya milimita 100 inakupa 13 mpaka 15 hivi. Ya 180 au 200 inakupa kama 25. Chukua rula ya shule uone. Sentimita 10 ni kidole kirefu, kivuli cha lenzi kinamwangukia mdudu usoni. Sentimita 25 inakaribia rula nzima, na mdudu anaweza kuendelea na shughuli zake.

Sasa zamani hizo lenzi ndefu zilikuwepo. Nikon walitoa ya milimita 200 mwaka 1993, Canon wakatoa ya 180 mwaka 1996. Sigma walikuwa na ya 150 na ya 180, Tamron nao wakawa na 180 yao. Halafu zikaja kamera zisizo na kioo. Sony walianza na zile za kihisi kikubwa mwaka 2013, Nikon na Canon wakafuata 2018. Lenzi za makro zikaja pia, ila tazama urefu wake: Sony milimita 90, Sigma 105, Canon 100, Nikon 105. Wote wamejikusanya mahali pamoja kama kuku kwenye punje. Kuna Wachina, Laowa, waliotoa ya 180, na OM System wana ya 90 ambayo kwenye kihisi chao kidogo inaona kama 180. Mbali na hizo, mtu anayetaka umbali anaangukia mitumba: atafute lenzi ya zamani, anunue na kiunganishi cha kuifunga kwenye kamera mpya. Ile ya Nikon ya 1993 hata ukiifunga hivyo mara nyingi unazungusha kwa mkono, kwa sababu mota ya kuisogeza ilikuwa ndani ya kamera za zamani na viunganishi vingi havina.

Sababu zenyewe hazina siri. Lenzi ndefu ni nzito. Ile ya Canon ina gramu 1,090, ya Nikon 1,190. Ni ghali na wanunuzi ni wachache. Ya milimita 100 inapiga mdudu leo, kesho inapiga pete ya harusi na uso wa bibi harusi, kwa hiyo inauzika. Kampuni ni biashara, na mimi siwalaumu. Mama anayeuza dagaa sokoni Juru naye haleti samaki asiyeulizwa.

Lakini angalia kilichopotea. Kilichopotea ni umbali, na mwenye kuuhitaji zaidi ule umbali ni kereng'ende, ambaye hana mfuko.

Mtu atanibishia: mpigaji naye anafaidika, maana mdudu asipokimbia picha inapatikana. Ni kweli. Ila mpigaji ana njia nyingine za kupata picha yake. Anaweza kuamka alfajiri wakati wadudu wamepigwa na baridi na hawawezi kuruka. Hiyo ni njia nzuri, inamgharimu yeye usingizi. Lakini wapo pia wanaomkamata mdudu na kumweka kwenye friji kwanza, apoe, atulie, ndipo wampange juu ya ua. Picha inatoka safi sana. Ukiiona huwezi kujua. Yaani umbali uliokosekana umelipiwa, na aliyelipa ni mdudu. Hapa ndipo mimi nilipoacha kufikiria lenzi nikaanza kufikiria foleni yetu.

Wanaofanya kazi kwenye mashirika mnaosoma hapa, naomba msikasirike, nasema kwa heshima. Vitu vingi vinavyotufikia kambini vinanunuliwa na mtu mmoja na kutumiwa na mwingine. Anayenunua yuko mbali, anataka kuona kwamba pesa yake imefanya kazi, na hilo ni haki yake. Kwa hiyo fomu inauliza anachotaka kujua yeye. Picha inaonyesha anachotaka kuona yeye. Mwaka fulani alikuja mgeni na kamera, akampiga mama mmoja wa kizuizi chetu akipokea mgao. Picha ya kwanza haikumpendeza. Akamwomba arudi nyuma, apokee tena, safari hii amtazame mtoto wake. Mama akarudi, akapokea mara ya pili kile alichokuwa ameshapokea. Alikuwa mpole huyo mgeni, aliomba ruhusa kwa mkalimani, mama akasema ndiyo. Kila kitu kilifuata utaratibu. Mimi nilimwona yule mdudu wa friji.

Nimelijadili hili na rafiki yangu mmoja, yeye ni mfanyakazi wa shirika, tunaheshimiana. Akasema: sasa unataka watu wapigwe picha kwa mbali na lenzi ndefu? Huo si ni wizi? Alinikamata vizuri. Kwa binadamu, anayejificha mbali na lenzi kama bomba la maji ni mpelelezi, na anayekuja karibu, akasalimia, akakaa kwenye kigoda, huyo ndiye mwenye adabu. Basi umbali peke yake hauwezi kuwa heshima.

Nilikaa na jibu lake siku nyingi. Ninachoona sasa ni kwamba sentimita hazikuwa jambo lenyewe. Kereng'ende aliye mbele ya lenzi ya rula nzima anaweza kuondoka, na kama amebaki, amebaki mwenyewe. Hatuwezi kumwomba ruhusa, kwa hiyo tunamwachia mlango wazi, na kukaa kwake ndilo jibu lake. Binadamu tunaweza kumwomba, ndiyo maana tunaruhusiwa kumkaribia. Lakini ombi lina maana gani kwa mtu ambaye hawezi kuondoka? Mama kwenye foleni ya mgao akitoka kwenye mstari, amepoteza zamu, na pengine amepoteza chakula cha mwezi. Ile "ndiyo" yake imetoka mahali ambapo "hapana" ina bei. Mgeni anaweza kusimama mita tano au nusu mita, akawa na karatasi ya ruhusa iliyotiwa dole gumba, bado yule mama yuko kwenye friji.

Kumbuka simsemi mgeni mbaya. Mgeni mwenyewe ana siku mbili tu na ana bosi. Muda wa kurudi siku nyingine, kumkuta mama nyumbani kwake anapoweza kusema "leo hapana, njoo Jumamosi", huo muda ni kama ile lenzi ya milimita 180. Ni mzito, ni ghali, na faida yake kubwa inakwenda kwa mtu ambaye hatalipia safari. Hakuna anayeuagiza, basi hautengenezwi.

Kwenye kikundi chetu tuliweka sheria: hakuna kupiga picha za watu kwenye foleni. Nilidhani wote watakubali. Dada mmoja wa miaka 17 akasimama akanipinga mbele ya wenzake. Alisema: "Kaka, mgao umepunguzwa, watu wamegawanywa kwenye makundi, wengine wametolewa kabisa. Tusipoonyesha foleni, nani atajua? Wewe unalinda heshima ya mama, mama anataka unga." Kimya. Wengine wakaanza kupiga makofi.

Yule dada ana hoja, na sitaki kuifunika kwa maneno. Heshima inayomwacha mtu na njaa gizani ni heshima ya kuchekesha. Nilichomjibu ni hiki tu: kama ushahidi unahitajika, wenye foleni wautoe wenyewe. Tulijaribu. Kamera ilipita mikononi mwa watu wa mstari siku moja, kila mtu akapiga alichotaka. Walipiga gunia lililokunjwa, kadi zao, viatu, mgongo wa mtu wa mbele. Mzee mmoja alijipiga mwenyewe akicheka. Uso wa anayelia haukuwemo hata mmoja. Dada akasema hizo picha hakuna gazeti litakalozitaka. Huenda ni kweli. Bado tunabishana, na sheria imebaki ikiwa na nyongeza yake: kwenye foleni, kamera inashikwa na aliye kwenye foleni.

Upande wa kereng'ende tumepata mahali pa kuanzia. Lenzi ndefu ya makro hatuwezi kuinunua. Lakini kuna kioo kidogo cha kukuza kinachofungwa mbele ya lenzi ya kawaida ndefu, ile ya 70 mpaka 300. Kioo chenye nguvu ya diopta 2, lenzi ikiwa imewekwa kutazama mbali kabisa, kinakamata kitu kilicho nusu mita. Kwa milimita 300 mdudu anatoka kwa ukubwa wa kama asilimia 60 ya ukubwa wake halisi kwenye kihisi. Sio makro kamili, na pembeni ya picha panafifia. Lakini ni nusu mita nzima, mara mbili ya ile ya 180. Jumamosi iliyopita vijana walikaa kwenye matope karibu saa mbili, na yule dada ndiye aliyekuwa ameshika kamera. Kereng'ende mmoja mwekundu alirudi kwenye unyasi uleule mara nne.