Picha ya Baba na Kanga ya Mama

Ukutani kwetu Tanga, juu ya kochi la sebuleni, kuna picha ya Kaaba, saa iliyosimama, na picha ya marehemu baba: kanzu, kofia ya viua, mkono mmoja juu ya kiti cha studio. Kona ya chini imeliwa na unyevu; kidole gumba kimebaki nusu.

Mama huswali hapo hapo sebuleni. Kabla ya kuhirimia, hutupa kanga juu ya baba. Akishatoa salamu, humfunua. "Haya, tazama sasa," humwambia.

Madrasa tulifundishwa kuwa malaika hawaingii nyumba yenye picha, nikataka ishushwe. Ukubwani nikasoma kwamba Sheikh Muhammad Bakhit al-Mutii, aliyekuwa Mufti wa Misri, aliiona picha ya kamera kuwa kivuli kilichozuiwa tu, si kiumbe kilichobuniwa. Wapo wasiokubaliana naye mpaka leo. Mimi hoja hiyo inaniridhisha, ingawa nakiri natamani iniridhishe.

Kinachonisumbua zaidi ni pazia la Bi Aisha, mke wa Mtume. Mtume (S.A.W.) alichukizwa nalo lilipotundikwa likiwa na picha, likakatwa, ikashonwa mito ya kuegemea. Kitambaa kile kile, mahali pengine. Pengine basi kesi ni ya ukuta: tukishakiinua kitu juu, tunakitaka nini?

Mama hana kitabu cha hayo. Juzi mvua ilinyesha, kanga zote zikawa mbichi kambani. Akachukua mswala, akaenda kuswali chumbani.