Je, Tuna Deni kwa Chura?

Wahenga walisema kwamba kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Maana yake ni wazi: mnyonge na apige kelele apendavyo, mwenye nguvu atatimiza alilokusudia. Methali hiyo hututia moyo tunaposemwa vibaya bila sababu. Lakini yafaa pia tuitazame kwa upande wa pili na kuuliza: ng'ombe akiisha kuyanywa maji yote, je, ana deni lo lote kwa chura aliyekuwa akikaa humo? Swali hili si la mchezo. Katika nchi yetu ya Tanzania limewahi kuulizwa kwa kweli, na kulijibu kumegharimu fedha nyingi na miaka mingi.

Mwaka 2025 wataalamu wa Tanzania na wa Ulaya walitangaza aina 3 za vyura ambazo mpaka hapo hazikuwa na majina katika vitabu vya elimu. Aina moja imepewa jina la Luhomero, kilele cha milima ya Udzungwa. Ya pili jina la Uhehe. Na ya tatu jina la msitu wa Sali ulioko Mahenge. Ajabu yao ni katika kuzaa. Vyura karibu wote hutaga mayai, na mengi ya mayai hayo hutagwa majini, yakatoka viluwiluwi. Hawa hawatagi. Mama huyahifadhi mayai tumboni mwake, kisha huzaa watoto wadogo mno waliokwisha kuwa vyura kamili. Duniani kuna aina zaidi ya 7,000 za vyura, na zile zizaazo hivyo hazifiki moja katika kila mia.

Jambo hilo lenyewe si geni. Tangu mwaka 1905 Mjerumani Gustav Tornier aliwaeleza wenzake huko Berlin habari za chura azaaye kutoka nchi hii hii. Tangu hapo vyura wengi wa milimani waliwekwa chini ya jina moja, kana kwamba wote ni wamoja. Ilibidi wataalamu wazifungue chupa za zamani zilizohifadhiwa katika nyumba za makumbusho, wachunguze vinasaba vya vyura waliokusanywa zaidi ya miaka 100 iliyopita, ndipo walipotambua nani ni nani. Basi viumbe hawa walikuwa mbele ya macho ya wenye elimu muda wote huo, wala hawakujulikana.

Sasa tumtazame ndugu yao, chura wa Kihansi. Huyu ni mdogo, rangi yake ni ya manjano, na urefu wake hauzidi sentimeta 3. Alikuwa akiishi mahali pamoja tu ulimwenguni, yaani katika manyunyu ya maporomoko ya mto Kihansi, kwenye korongo la Udzungwa. Aligunduliwa mwaka 1996, wakati kazi ya kujenga bwawa la umeme mtoni humo imekwisha kuanza. Mwaka 2000 sehemu kubwa ya maji iligeuzwa kwenda kwenye mashine za kufua umeme, na manyunyu yakapungua mno. Mabomba ya kunyunyizia maji yakatandikwa korongoni. Vyura 499 wakapelekwa Marekani kutunzwa katika bustani za wanyama. Mwaka 2003 wale waliobaki korongoni walipungua kwa ghafla, na maradhi ya ngozi yaletwayo na kuvu yalionekana kwao. Mwaka 2009 ikatangazwa kwamba chura huyo hayuko tena porini. Watoto wa wale waliopelekwa ng'ambo walianza kurejeshwa Dar es Salaam mwaka 2010, na mwaka 2012 wengine wakarudishwa Kihansi.

Msomaji aweza kusema: "Gharama zote hizi kwa ajili ya chura! Na yule mama ajifunguaye usiku katika zahanati isiyo na taa, nani atamfikiria?" Neno hili ni zito, wala haifai kulijibu kwa dharau. Umeme wa Kihansi, megawati 180, ni faida ya kweli kwa watu wa kweli. Mtu ni mkuu kuliko chura, na kama pangekuwa hapana njia nyingine ila kuchagua kati ya uhai wa mtoto mchanga na uhai wa chura, asiyejua la kuchagua angekuwa amepotewa na akili.

Lakini tuangalie tusije tukatoka katika neno hili la kweli tukafika kwenye neno la uongo. Ukuu wa mtu wampa haki ya kuvitumia vilivyo chini yake. Haumpi haki ya kuvifutilia mbali pasipo kuviangalia. Baba ni mkubwa wa nyumba, na kwa sababu hiyo hiyo ndiye aulizwaye kitu kikipotea. Tena tofauti ni kubwa kati ya kuua chura mmoja na kuimaliza aina nzima. Nyumba ikiungua hujengwa tena, na shamba likikauka hulimwa tena mwaka ujao. Aina ya kiumbe ikiisha, hapana fundi wa kuirudisha.

Wengine hutetea viumbe hawa wakisema kwamba pengine siku moja dawa itapatikana kwao. Yawezekana. Lakini utetezi huo ni dhaifu, kwa kuwa siku itakapoonekana kwamba hawana dawa, hukumu yao itakuwa imekwisha kukatwa. Na mtu aliyezoea kuuliza juu ya kila kitu, "Chanifaa nini?", mwisho wake hatauliza hivyo juu ya vyura peke yao. Atauliza juu ya mzee asiyeweza tena kushika jembe, na juu ya mgonjwa asiye na tumaini la kupona. Kipimo kibaya hakikai siku zote katika kapu moja.

Walimu wa maadili hutofautisha ujinga usioepukika na ule uwezao kuepukwa. Asiyejua kwa sababu hana njia ya kujua hana hatia. Asiyejua kwa sababu hakutaka kusumbuka kuuliza, huyo hawezi kujificha nyuma ya ujinga wake. Hapa ndipo tulipo na deni kwa chura. Hatuwiwi kuacha taa zetu zizimike. Twawiwa kutazama kwanza, kabla ya kugeuza mto, kukata msitu au kukausha bonde. Kihansi yatufundisha kwamba kutazama mapema ni kazi ndogo kuliko kunyunyiza maji kwa mabomba na kusafirisha vyura kuvuka bahari, huku tukitumaini kwamba hatujachelewa.

Leo jambo hili lawahusu wengi kuliko wahandisi wa mabwawa. Misitu ya milima ya mashariki ya Tanzania imekatwa vipande vipande kwa mashamba, mbao na mkaa, na katika kipande kimoja chaweza kukaa kiumbe asiye na makao mengine po pote. Wanaoikata si watu wabaya. Wengi wao watafuta chakula cha watoto wao. Kwa hiyo serikali, wenye fedha na wenye elimu yawapasa kuwapa njia nyingine ya kuishi, wala si kuwafukuza tu. Nasi wazazi tuanze nyumbani. Mtoto akimrushia chura jiwe, tusicheke. Tumwite, tumwambie kwamba chura huyo ameishi mahali hapo tangu zamani, na kwamba kuwa na nguvu kuliko mwenzio hakukuondolei wajibu wa kumtazama.